Sura ya Saba: Gurudumu la Nyuma, Upande wa Kulia

Mji wa Bagamoyo ulikuwa umeshamhukumu Mikdad mara tatu: sokoni, barazani, na kwa kinyozi, ambako hukumu haina rufaa. Iliyochelewa ilikuwa serikali, na serikali siku ile ilikuwa imepiga magoti uani nyuma ya kituo cha polisi, imekunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, inachungulia uvungu wa Cresta nyeupe iliyobondeka kama sufuria ya kuchezea watoto.

"Afande Sihaba," alisema Koplo Dadi, aliyesimama kando na jeki mkononi, "hilo gauni halitafulika tena."

"Inua, Dadi. Tuanze na la mbele kushoto."

Dadi akainua. Alikuwa mtu wa maneno mengi yule, mtu ambaye kwa ushahidi wake mwenyewe aliwahi kumkimbiza mwizi wa mbuzi kutoka Ubena hadi Makurunge bila kuvua buti, na aliyechoka wa kwanza akawa mbuzi. Lakini leo hata yeye alifanya kazi kimya. Nyuma ya kiti cha dereva lilikuwa bado limening'inia joho la harusi, ndani ya nailoni yake ya dukani, jeusi lenye nakshi za dhahabu, halina hata doa. Gari zima lilikuwa limekunjamana. Joho peke yake ndilo lililotoka salama.

Kibwana, bwana harusi mwenyewe, alikuwa amekwenda Dar kulichukua. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya Kiromo, gurudumu la nyuma la upande wa kulia lilimtoka, likampita mwenyewe barabarani kama lenye haraka ya kufika harusini, na gari likaenda kujibwaga kwenye kalvati. Ijumaa ile alikuwa amwoe Nasrin wa Kaole. Ijumaa ile wakamzika.

Mikdad, fundi wa gereji ya Majengo, alikamatwa akitoka makaburini, mchanga bado u mikononi. Yaliyomfunga yalikuwa manne, na yote manne mji uliyajua kwa moyo. Ndiye aliyelifungia gari lile spesa. Majirani walimsikia akimfokea Kibwana kwamba atakufa yeye na gari lake. Muuza mananasi wa Kiromo alimwona akifika pale kwenye ajali kabla ya polisi, akapiga magoti penye gurudumu lililong'oka, akachomoa kitu cheusi na kukitia mfukoni. Polisi walipompekua mfuko ulikuwa mtupu. Na la mwisho, lililowaliza watu: mama wa marehemu alipomkaba kanzu mbele ya jeneza akamuuliza, "Umemfanya nini mwanangu?", Mikdad alijibu, "Nisamehe, Mama."

Kesho asubuhi alikuwa apandishwe kizimbani kwa kuua kwa kukusudia, kosa ambalo mtu akivishwa halivuliwi kwa dhamana.

"Mimi naona hapa hapana cha kutafuta," Dadi alisema, akifungua nati za tairi. "Fundi kalegeza nati, kijana kafa."

"Zipi?"

"Zipi nini, afande?"

"Nati zipi? Hapa ziko za aina mbili."

Spesa, kwa asiyezijua, ni bamba nene la aluminiamu linalokaa kati ya habu, kile kitovu cha chuma kinachoshika gurudumu, na rimu, ili tairi lisogee nje kidogo na gari lionekane limetanua mabega. Vijana wa pwani wamezipenda kuliko wake zao. Yuko mmoja wa Magomeni aliyezipanua tairi zake hadi, wanavyoapa walioshuhudia, akatozwa nauli ya magari mawili kwenye pantoni. Spesa hufungwa kwenye habu kwa nati za ndani, kisha tairi likafungwa kwenye spesa kwa nati za nje. Za ndani zikishafunikwa na tairi, haionekani tena hata moja.

Sihaba alizitazama spesa tatu zilizobaki kwenye gari, moja baada ya nyingine. Kila nati ya ndani ilikuwa na mstari mwekundu wa rangi, uliotoka kwenye nati ukavuka hadi kwenye bamba, umenyooka. Nati ikisogea hata unywele, mstari unakatika. Hakuna uliokatika. Akamwambia Dadi afungue spesa moja kabisa. Mgongo wake ulitoka unang'aa, na uso wa habu unang'aa vilevile, umesuguliwa hadi kutu yote ya baharini imehama.

"Sasa lile lililokimbia," alisema.

Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa limeegemezwa ukutani. Spesa yake ilikuwa bado imeng'ang'ania rimu, vilitoka pamoja. Nati za nje zilikuwa zimekaza hata Dadi akaning'inia kwenye spana kama popo. Zilipokubali, tairi likaachana na spesa, na nati za ndani zikamwagika chini kama karanga. Mbili zilikuwa zimejifungua zenyewe. Nyingine zilikuwa na vipande vya stadi, zile bolti za habu, ndani yake, vimekatika.

Sihaba aliziokota, akazigeuza kwenye mwanga. Ile rangi nyekundu ilikuwepo, lakini imemenyeka kwenye kona zote kwa mkupuo mmoja, na kwenye bamba mistari haikuelekeana na chochote.

"Zilifunguliwa baada ya kupigwa rangi," alisema. "Zikafungwa tena. Na aliyezifunga hakutumia spana ya mkono. Hii ni mashine ya upepo."

"Si yeye mwenyewe Mikdad?"

"Huyu aliyepiga mistari hii, Dadi, ni mtu anayevua viatu kabla ya kuingia gerejini kwake. Geuza hiyo spesa."

Dadi akaigeuza. Mgongo wake, pale unapokumbatiana na habu, haukung'aa. Palikuwa na baka jeusi, limeungulia kama ukoko, na ndani ya ukoko ule alama za ufumwaji wa kitambaa.

"Breki zimeunguza," Dadi alisema.

Sihaba alikwangua kwa ukucha, akanusa. Kisha akamsogezea Dadi kidole.

"Watoto wako walipozaliwa, bibi yao aliwafunga nini mkononi?"

Dadi akainama, akanusa, akarudisha kichwa nyuma upesi.

"Mvuje," alisema. "La ilaha illallah. Mvuje!"

Hakuna mtoto wa pwani asiyeijua harufu ile. Mvuje, utomvu mkavu wenye harufu kali, hufungwa ndani ya kipande cha kaniki nyeusi, pamoja na punje za habasoda, kikashonwa, kikafungwa mkononi mwa mtoto mchanga ili jicho baya limpite mbali. Shetani mwenyewe, wanasema, akinusa mvuje hugeuza njia. Sihaba alikitazama kile kidole chake, akakifuta polepole kwenye kipande cha gazeti.

"Usimwambie mtu," alisema. "Mtoe Mikdad, umlete chumbani kwangu."

*

Mikdad aliletwa bila mkanda wala viatu. Alikuwa na umri wa marehemu, mweusi, mwembamba, na kucha zenye oili isiyotoka hata kwa dua.

"Umekula?" Sihaba aliuliza.

"Nimeshiba, afande."

"Askari wa zamu anasema sahani imerudi kama ilivyokwenda."

"Basi yeye ndiye aliyeshiba."

"Spesa alinunua nani?"

"Nilichagua mimi. Tulikwenda Kariakoo pamoja." Sauti yake ilikuwa kavu. "Yeye alitaka zile za kumimina, nene, zinazong'aa kama sinia la biriani. Nikamwambia zile ni za kuuzia macho, zinapasuka. Tukachukua za kuchonga. Nilikuwa nimebeba habu kuukuu ya Cresta kwenye mfuko wa rambo, nikawa nazijaribisha hapohapo, moja moja, mpaka mwenye duka akaniuliza nimekuja kununua au kuposa."

"Unatafuta nini unapojaribisha?"

"Matundu yalingane, hilo hata mtoto anajua. Lakini tundu la katikati ndilo lenyewe. Libane habu kama kofia ibanavyo kichwa cha mwenyewe. Likipwaya, uzito wote unaangukia stadi, na stadi hazikuumbwa kubeba gari, zimeumbwa kulishika tu."

"Ulimwambia atakufa yeye na gari lake."

"Nilimwambia."

"Kwa ajili ya Nasrin?"

Kwa mara ya kwanza Mikdad alicheka, kicheko kifupi kilichokwama njiani. "Nasrin shemeji yangu, afande. Kibwana alitaka nimpachike mbilimbili. Moja juu ya nyingine, tairi zitoke nje ya madigadi, aingie nalo Kaole watu wapige vigelegele. Nikamwambia spesa si chapati, hazipandani. Ukizipandisha utakufa wewe na gari lako. Akanuna, akaondoka. Jioni akarudi na halua, tukala."

"Ukafunga mojamoja."

"Mojamoja. Nikasugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikacheka. Nikakaza kwa spana ya kipimo, nati hii, kisha ya mkabala wake. Mashine ya upepo sina na siitaki, ile inakaza kwa hasira. Nikapiga mistari. Alipozunguka nalo kidogo nikamrudisha, nikavua tairi zote nikakagua upya. Mistari ilikuwa imenyooka."

"Hukuweka kitu kati ya spesa na habu? Grisi? Rangi?"

"Hakikai kitu pale. Chuma kwa chuma."

"Hata kitambaa?"

Mikdad alianza kukwangua oili kwenye kucha. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki inayokataa. Iliwaka, ikaondoka, naye bado anakwangua.

"Mikdad."

"Andika sikukaza vizuri, afande."

"Sasa hivi umeniambia mistari ilikuwa imenyooka."

"Nimekosea. Gurudumu moja nililisahau. Andika hivyo."

"Pale Kiromo ulichomoa nini kwenye gurudumu?"

"Jani."

"Jani gani jeusi?"

"Jani la barabarani. Afande, nina swali. Mama amekula?"

Aliyemwita Mama ni Bi Zuleha, mama wa marehemu. Mama yake mwenyewe Mikdad alifariki siku aliyomzaa, na Bi Zuleha, jirani, aliyekuwa na Kibwana mchanga mapajani, alimchukua akamweka ziwa la pili. Wakanyonya pamoja hadi wakaacha. Katika dini na katika mji ule, hao walikuwa ndugu, na yule alikuwa mama, hapakuwa na mjadala.

"Bi Zuleha ndiye aliyetoa maelezo dhidi yako," Sihaba alisema.

"Najua."

"Anataka unyongwe."

"Ana haki."

"Na kesho nikikupeleka pale mbele, sina njia ya kukurudisha. Unanielewa? Nisaidie nikusaidie."

"Nimeshakusaidia," Mikdad alisema. "Nimekwambia andika nilisahau."

*

Mashine za upepo Bagamoyo zipo, lakini hukaa gerejini kwa wenyewe. Inayotembea ni moja tu, ya Ashrafu fundi pancha, aliyeipakia kwenye guta pamoja na jenereta, na mlio wake ulikuwa ukiwafanya kuku wa mtaa mzima waatamie mayai ya wenzao. Sihaba na Dadi walimkuta karibu na stendi, amelala juu ya tairi la trekta, kofia usoni.

"Ashrafu."

"Kama ni pancha ya polisi, sifanyi. Ya mwaka jana bado sijasamehe."

"Ni Cresta ya Kibwana."

Kofia ilishuka. Ashrafu akaketi. "Mimi sikugusa kitu, afande."

"Mashine yako imegusa. Gurudumu la nyuma kulia. Nati za ndani."

Ashrafu alimtazama Dadi, akamtazama Sihaba, akaona huku na huku ni ukuta.

"Sikuficha," alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Bi Zuleha aliniita. Kibwana alikuwa amekwenda kuswali alasiri kwa miguu, gari liko uani. Akaniambia, Ashrafu, baba, mwanangu anaoa, macho ni mengi, nataka nimzindikie gari, nilitie kinga. Ana kitu chake cha mvuje amekishona. Nikamwambia tuweke ndani ya boneti. Akasema boneti hufunguliwa na kila mtu. Nikamwambia basi nyuma ya tairi. Akasema tairi litapata pancha, utalifungua wewe mwenyewe na midomo yako. Ndiyo akaniuliza, hilo bamba la nyuma yake hufunguliwa na nani? Nikamwambia hilo hafungui mtu. Akasema, hapo."

"Kwa nini kulia, nyuma?"

"Upande wa dereva. Na husuda, alisema, humjia mtu kwa nyuma." Ashrafu aligusa mashine yake kwenye guta. "Nikafungua, akaweka kwa mkono wake, akasoma. Nikafunga. Nimekaza, afande! Nimekaza mpaka gari likalia! Halafu tukapiga fatiha, yeye na mimi."

"Na Kibwana hakujua."

"Angekataa. Vijana hawa."

"Mikdad je?"

"Mama alishamgusia kabla, akamkatalia. Alimwambia kaweke chini ya kiti, Mama, kwenye magurudumu usitie kitu. Ndipo akaja kwangu." Uso wake ulianza kubadilika, kama maji yanavyobadilika yakitiwa tone la wino. "Afande. Kitambaa tu kile. Kidogo. Hakizidi kidole."

"Kitambaa hukonda, Ashrafu," Sihaba alisema. "Kinapata moto wa breki, kinakonda. Chuma hakikondi. Ulikaza juu ya kitambaa. Kitambaa kilipoondoka, ulikuwa hukukaza kitu."

Ashrafu aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Hakusema tena neno la mzaha, na watu waliokuwa wakipita stendi walidhani fundi pancha leo anaumwa. Dadi akaandika maelezo yake hapohapo, juu ya guta.

Waliporudi kwenye gari, Dadi alishika usukani lakini hakuwasha.

"Kwa hiyo Mikdad alikiona pale Kiromo akajua."

"Alijua kwa kuona mshono. Yeye mwenyewe alivikwa kama kile."

"Akakichomoa ili sisi tusikione."

"Siyo sisi, Dadi."

Dadi akauliza kwa sauti ya chini, "Afande, na maelezo ya Ashrafu hayatoshi? Lazima tumwambie yule mama?"

"Ashrafu anasema aliweka Bi Zuleha. Ashrafu ana kesi ya betri mbili za wizi. Wakili atampeperusha kama pumba. Aliyeweka ni mmoja, na asiposema yeye, kesho Mikdad anakwenda."

*

Nyumbani kwa Bi Zuleha matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Wanawake walijaa kwenye mikeka hadi ukumbini, na uradi ulikuwa unakwenda kwa sauti ya nyuki. Sihaba alivua viatu, akapita akiinama, akaingizwa chumbani. Dadi akabaki nje na wanaume.

Bi Zuleha alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mwanamke mkubwa wa umbo, aliyekuwa na sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa tatu. Sasa ile sauti ilikuwa imekaukia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea habari ya kamba?"

"Ya kamba?"

"Ya kumnyongea yule. Nimemnyonyesha nyoka, mwanangu. Ziwa la kushoto la Kibwana, la kulia lake. Nilimwachia la kulia kwa sababu ndilo lililokuwa na maziwa mengi, na yeye alikuwa yatima." Alijifuta kwa pindo la kanga. "Mungu anisamehe, ningejua ningemwacha alie."

"Mama, nimekuja kukuuliza habari ya kinga uliyomwekea Kibwana garini."

Bi Zuleha aliinua uso. Tangu mazishi watu walikuwa wamemuuliza kama amelala, kama amekunywa uji, kama amewapigia simu jamaa wa Pangani. Hili hakuna aliyemuuliza, na uso wake, kwa muda mdogo, ukapata nuru.

"Nani amekwambia? Ashrafu? Mdomo wake huo. Ndiyo, nilimwekea. Nilishona mwenyewe, sikwenda kwa mganga wala kwa mwalimu. Kaniki ileile niliyowashonea walipokuwa wachanga, nilikuwa nimeiweka sandukuni miaka yote. Mvuje, habasoda, na Kul-audhu mbili nikazisoma. Nilisema hivi: magari yanaua, Mwenyezi Mungu, hili lisimuue wangu." Akatikisa kichwa. "Na bado yule mtu akaishinda. Alivyokuwa na nia mbaya, akaishinda hata kinga. Iko wapi sasa? Mmeipata? Nataka mnipe, nizikwe nayo."

"Mikdad aliichomoa. Kile kitu cheusi alichoonekana nacho pale Kiromo, kilikuwa hicho."

"Unaona! Aliitoa ili mwanangu—" Bi Zuleha akasita. "Lakini hapo gari lilikuwa limeshaanguka."

"Lilikuwa limeshaanguka, Mama. Na Kibwana alikuwa ameshafariki."

"Sasa aliichomoa ya nini?"

"Nisiione mimi. Nisije nikakwambia."

"Usije ukaniambia nini?"

Ukumbini walikuwa wamefika mahali pa kuitikia, na nyumba nzima ikaitikia kwa pamoja. Bi Zuleha aliuliza tena, polepole, kama mtu anayegusa chungu kuona kama kina moto.

"Usije ukaniambia nini, mwanangu?"

"Ilikaa kati ya chuma na chuma," Sihaba alisema. "Ikaunguzwa na breki, ikasinyaa. Pakabaki uwazi. Nati zikaanza kucheza."

Bi Zuleha aliinua mkono, akaleta pamoja kidole gumba na cha shahada, akaacha mwanya mdogo kati yake, unene wa kitambaa kilichoshonwa. Akamwonyesha.

"Hivi?"

"Hata nusu ya hivyo ingetosha, Mama."

Mkono ulibaki hewani. Sihaba alitazama pembeni, kwenye kona ambako sinia la mahari ya Nasrin lilikuwa limefunikwa na kitambaa cheupe, halijulikani lipelekwe kwa nani.

"Alijua?"

"Alijua alipoiona."

"Nimemwita mbwa mbele ya maiti ya ndugu yake," Bi Zuleha alisema. "Nimemkaba kanzu, nikamuuliza umemfanya nini, naye akasema nisamehe Mama. Nikawaambia watu, mmesikia? Amekiri. Nikawaita mashahidi." Alishusha mkono mapajani. "Alikuwa ananiomba radhi kwa kuwa hakuniangalia vizuri. Alinikatalia, nikamzunguka, na yeye ndiye anayeomba radhi."

"Mama, maelezo yako ndiyo yatakayomtoa. Hayapo mengine."

Bi Zuleha hakulia. Aliita tu, kwa ile sauti yake ya zamani, iliyopenya ukumbi wote na kuukata uradi katikati.

"Nileteeni baibui langu!"

*

Mikdad alipotolewa na kumwona Bi Zuleha amesimama kaunta, alianza kusema kabla hajafika.

"Mama, usiandike kitu. Nimeshawaambia. Mimi ndiye sikukaza—"

"Nyamaza."

"Nilisahau gurudumu moja, Mama, wallahi—"

"Usimtaje Mungu kwa uongo mbele yangu. Umenyonya kwangu, nakujua hata unavyopumua ukidanganya."

Bi Zuleha alisema yote, wima, bila kiti, na Dadi akaandika. Alipoambiwa atie sahihi, alitia. Kisha Sihaba akampigia simu mkuu wake, akaeleza, akasikiliza, akaeleza tena kwa ukali zaidi, na mwisho akamwambia Dadi amrudishie Mikdad mkanda na viatu vyake.

Mikdad alivaa kiatu kimoja, akakisahau cha pili, akasogea.

"Twende nyumbani, Mama. Watu wanangoja."

Bi Zuleha alikuwa ameshaketi kwenye benchi la watuhumiwa, lile la ukutani lililochakaa katikati kwa kukaliwa. Alikuwa amekusanya baibui lake vizuri magotini.

"Nenda wewe. Mimi bado."

"Bado nini, Mama?" Sihaba aliuliza.

"Sijaandikwa."

"Umeshaandikwa. Maelezo yako haya hapa."

"Hayo ya kumtoa yeye. Nasema langu mimi. Kosa langu." Alimtazama Sihaba bila kupepesa. "Mtu amekufa, mwanangu. Yeye mlikuwa mmemwandikia kubwa, la kunyongwa, na hakufanya kitu. Mimi niliyefanya mnaniandikia lipi?"

"Ninaandika ajali, Mama. Wakili wa Serikali atasoma, lakini mimi sioni kosa la kukushitaki. Ulikuwa unamlinda."

"Usiniambie hivyo." Kwa mara ya kwanza sauti ikampasuka. "Hilo ndilo usiniambie. Nipeni kosa nikalitumikie, nilale chini, nipikiwe dona, nihesabiwe asubuhi. Mkinirudisha kwenye ile nyumba bila kosa, nitakaa na nini?"

Dadi aliinuka, akatoka, akasimama kwenye korido akitazama ukuta. Mikdad, kiatu kimoja mguuni, alikwenda akaketi kwenye benchi lilelile, bega kwa bega naye. Bi Zuleha hakumfukuza wala hakumgeukia. Mkono wake wa kulia ulitambaa tu juu ya mbao, ukamshika kifundo cha mkono, mahali watoto wanapofungwa mvuje, ukakaza.

"Tafuta," alimwambia Sihaba. "Kitabu chenu kile kikubwa cha sheria. Hapakosi kitu."

"Mama, nakijua. Hamna."

"Tafuta, mwanangu."

Sihaba alivuta droo, akaitoa Kanuni ya Adhabu, akaiweka mezani. Akaifungua mwanzo kabisa, akaanza kusoma kifungu baada ya kifungu, taratibu, maana mama yule alikuwa akimtazama.